Kuuza Fanicha Kuukuu na za Mtindo wa Kiwandani Mtandaoni Ukiwa Lamu

Mtu anayenunua meza mtandaoni akiwa Nairobi hawezi kuigusa, kuitikisa wala kuinusa. Nawe unayeiuza ukiwa Lamu huna lori mlangoni: una kichochoro, punda, gati na boti, na barabara huanzia Mokowe, ng'ambo ya maji. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua uuze nini, ukitengeneze vipi na ukitoze kiasi gani. Wengi huanza na nembo na ukurasa wa Instagram. Anza na gati. Kitu kisichofunguka vipande, wala kubebwa na watu wawili wakapita nacho katika kichochoro chembamba, usikiweke kwenye orodha yako mwaka wa kwanza.

Unachoweza kuuza

Kuna makundi matatu yanayolipa. La kwanza ni samani kuukuu za majumbani zilizokarabatiwa: masanduku ya njumu (yaliyopachikwa mapambo kwenye mbao), meza ndogo, viti, fremu za vioo, vitanda vya samadari. Samadari hutisha kwa ukubwa, lakini hufunguka: nguzo nne, mbavu mbili, vichwa na chaga. Kundi la pili ni vitu vipya vilivyotengenezwa kwa mbao za majahazi na mashua zilizovunjwa, kama rafu, fremu, mabenchi na trei. La tatu ni meza na rafu za mbao hizohizo zilizowekewa miguu ya chuma, ule mtindo wa kiwandani ambao mikahawa na wenye nyumba za kupangisha kwa wageni wanaupenda. Hili la tatu ndilo rahisi kusafirisha, kwa kuwa mbao huenda bapa na miguu huenda bapa.

Anza na bidhaa nne au tano unazoweza kuzirudia, pamoja na vitu vichache vya aina moja tu. Kitu cha aina moja huvuta macho ya watu. Kinachorudiwa ndicho kinacholipa kodi ya stoo.

Usivyopaswa kuvigusa

Hapa ndipo biashara inapoweza kufa kabla haijazaliwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kuviuza au kuvinunua kunataka leseni, na kuvitoa nchini kunataka kibali. Kwa hiyo mtu akikuletea mlango wa zamani kwenye mkokoteni jioni, mrudishe nao. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mlango uliong'olewa ukaonekana kwenye ukurasa wako utatambuliwa na mtu kabla ya Isha. Wateja wanaotaka mlango wauzie mpya, uliochongwa na mafundi wa mjini, na uandike wazi kwamba ni mpya. Ukiwa na shaka na umri wa kitu chochote, kipeleke kwa watu wa Makumbusho wakione kabla hujakilipia.

Pembe za ndovu ni jambo la pili. Viti vya enzi vya zamani vilipambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, na kwa picha huwezi kutofautisha. Biashara ya pembe ni marufuku, iwe kipande kikubwa kama mkono au kidogo kama ukucha, na faini na kifungo chake si vya mchezo. Nakala mpya zipambwe kwa mfupa wa ng'ombe au wa ngamia, na lazima uandike hivyo.

La tatu halimo katika sheria hizo, ila Lamu lina uzito uleule: mirathi na wakfu. Samani za nyumba kongwe mara nyingi zina warithi watano au kumi, wengine wako Mombasa, wengine Oman. Anayekuuzia anaweza kuwa mmoja wao tu. Uliza kwa adabu, "Mzee, na ndugu zako wameridhia?" Kisha andika karatasi ya mauzo yenye majina, tarehe, picha ya kitu na mashahidi wawili. Kitu cha msikiti au cha wakfu usikinunue hata kwa bei ya bure.

Kutafuta mbao za majahazi

Vyombo vinavyovunjwa hupatikana kwa kuwajua mafundi. Matondoni ndicho kijiji kinachojulikana zaidi kwa kuunda na kukarabati vyombo, na fundi anayebadilisha mbao za ubavu ana mbao kuukuu za kuondoa. Nunua kwa kipande ulichokipima, si kwa rundo. Rundo huficha mbao zilizooza chini.

Mbao za sehemu mbalimbali za chombo hazifanani:

Mbao za ubavu zilizo juu ya maji ndizo bora kwa meza. Zimepigwa na jua na chumvi, zina matundu ya misumari yenye weusi wa kutu pembeni, na weusi huo ndio wateja wanaoulipia.

Mbao za chini ya maji zina matundu ya wadudu wa baharini. Zinapendeza kama fremu au pambo la ukutani, lakini usizitumie kwa meza ya kulia. Chombo kilichopakwa rangi za dukani za kuzuia viumbe wa baharini kina sumu ndani ya rangi hiyo, ambayo haitoki yote kwa msasa, na vumbi lake linadhuru mapafu ya fundi wako.

Mataruma, yale ya ndani yaliyopinda, yanafaa kwa viegemeo vya rafu na miguu ya mabenchi. Usijaribu kuyanyoosha.

Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ni mzito na mgumu mno. Uuache mpaka upate mteja aliyeutaka.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Choma mbao kwa ncha ya kisu sehemu tatu: kikizama zaidi ya milimita 3 bila nguvu, hapo pameoza. Pitisha sumaku yenye nguvu pande zote na utie alama ya chaki kila inaponata. Kisha weka kipande juani saa moja na ukinuse. Vyombo vilivyopakwa sifa, yale mafuta ya papa, hunuka upya kila vikipata joto, na meza itakayowekwa karibu na dirisha la jua itarudishwa kwako.

Kutayarisha mbao

Chumvi ndiyo adui asiyeonekana. Mbao iliyokaa baharini miaka 20 ina chumvi ndani yake, na chumvi huvuta unyevu hewani. Ukiipaka vanishi hivyohivyo, itatoa jasho wakati wa mvua, vanishi itaumuka malengelenge, na skrubu za kawaida zitaoza ndani. Fuata mpangilio huu.

Toa misumari yote kwanza. Uliovunjikia ndani usukume kwa patasi ya chuma hadi utokee upande wa pili, au utoboe mbao kuuzunguka. Msumari mmoja uliosahaulika hung'oa meno ya msumeno wa umeme na unaweza kumpofusha mtu.

Sugua kwa brashi ngumu na maji yasiyo na chumvi. Kisha loweka mbao kwenye birika la maji hayo, au uzimwagie mara mbili kwa siku, siku nne hadi saba, ukibadilisha maji. Lamba kidole ulichopitisha juu ya mbao: ukisikia chumvi, endelea. Kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni ghali kisiwani, kusanya ya mvua wakati wa masika.

Zipange kivulini penye upepo, kati ya mbao na mbao ukiweka vijiti vya milimita 20 hadi 25 vilivyopangika wima mmoja juu ya mwingine. Mbao za unene wa sentimita 4 zipe angalau wiki sita hadi nane. Usizianike juani ili ziwahi: uso hukauka kabla ya ndani, na mbao hupasuka kutoka ncha. Paka ncha nta au rangi nzito ili zisikauke upesi.

Hapa kuna kosa ambalo wauzaji wa pwani hulirudia. Mbao iliyokauka kwa hewa ya Lamu bado ina maji mengi kuliko itakavyokuwa nayo ndani ya nyumba ya Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 unaweza kusinyaa milimita 5 hadi 8 ukifika kule. Ukiwa umeufunga kwa skrubu zisizoruhusu mwendo, utapasuka katikati, mara nyingi mwezi wa pili au wa tatu, mteja akiwa ameshawasifia rafiki zake. Nunua kipima unyevu cha mbao. Kikisoma asilimia 12 au chini, endelea. Kikisoma 16, subiri.

Wadudu wanaobungua mbao uwatafute pia katika samani za majumbani. Matundu ya zamani hayana neno. Unga laini mpya chini ya kiti baada ya kukiweka usiku mmoja juu ya karatasi nyeusi ndio dalili kwamba wapo hai. Vitu vidogo visivyo na gundi wala njumu vifunge ndani ya plastiki nyeusi, uviweke juani kwenye paa mpaka katikati ya mbao pafike nyuzi 55 na pakae hivyo saa kadhaa. Vilivyopambwa vipige dawa ya sindano kwenye kila tundu.

Malizia kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 180. Usifike 320, kwa maana utafuta umri wote ulioulipia. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo isugue ikiwa imeloa maji, na fundi avae barakoa. Baada ya hapo paka mafuta ya kitani mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu, kila mmoja ukikauka siku nzima. Matambara uliyopakia mafuta hayo usiyarundike: hujipasha moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje yakauke au yatie ndani ya ndoo ya maji. Katika mji wa nyumba zilizoshikana, hili si la kufanyia mzaha.

Miguu ya chuma

Kwa meza ya sentimita 150 kwa 75, unene 4, tumia bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa 2. Tengeneza fremu mbili za mstatili zenye kimo cha sentimita 71, ili meza iishie 75. Juu ya kila fremu chomelea bamba la upana wa milimita 50 na unene wa 5, ulitoboe matundu marefu ya milimita 9 kwa 20 yanayoelekea upana wa meza. Matundu hayo marefu ndiyo yanayoruhusu mbao kusinyaa. Tumia bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) na nati za kuzamisha ndani ya mbao. Skrubu ya kawaida ikifunguliwa na kufungwa mara ya tatu haishiki tena.

Hewa ya bahari hula chuma kutokea ndani. Ziba kila ncha ya bomba kwa kuichomelea kifuniko, usiache hata tundu la sindano. Sugua maungio kwa grainda, futa kwa thina, paka preima ya zinki mikono miwili siku hiyohiyo, kisha nyeusi isiyong'aa mikono miwili. Chuma kilicholala usiku bila preima Lamu huamka kina ukungu wa kutu, na rangi itakayopakwa juu yake itabanduka. Mteja wa Malindi au Diani mwambie wazi kwamba miguu hii ni ya ndani ya nyumba, si ya baraza inayopigwa na upepo wa chumvi.

Uso huo wa mbao ngumu kama mbambakofi utakuwa na kilo 35 hivi, na miguu miwili kilo 12 au 13. Watu wawili wanaubeba bila taabu.

Kuainisha na kueleza

Kila kitu kipe jina moja kati ya haya na usilivuke: cha zamani; cha zamani kilichokarabatiwa; kipya cha mbao kuukuu; nakala mpya. Ukiuza nakala kama ya zamani mara moja, mnunuzi mjuzi mmoja atatosha kukumaliza.

Ili wewe mwenyewe usidanganywe, pindua kitu chini juu. Skrubu za kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930, kwa hiyo sanduku lililofungwa nazo tangu mwanzo haliwezi kuwa la babu wa babu. Tazama alama za msumeno sehemu isiyorandwa: zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara wa mashine, zilizonyooka na kupishana ni za mkono. Uchakavu uwe pale panaposhikwa: mikono ya kiti, ukingo wa mbele wa mfuniko, chini ya miguu. Uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali ulitengenezwa wiki iliyopita.

Picha nane zatosha: mbele, ubavu, nyuma, chini, maungio kwa karibu, kasoro kubwa ikiwa na rula kando yake, kitu kikiwa na mtu au kiti cha kawaida ili ukubwa uonekane, na kitu kikiwa kimefunguliwa vipande. Piga saa mbili hadi saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi, kivulini, mbele ya ukuta wa chokaa. Jua la saa sita hupotosha rangi ya mbao pichani, na rangi tofauti na ya picha ni sababu ya kawaida ya watu kurudisha mali. Usitumie vichujio vya rangi. Ongeza video ya sekunde 20: droo ikifunguliwa na kufungwa, meza ikitikiswa kwa mkono.

Chini ya picha andika vipimo kwa sentimita, uzito, aina ya mbao ikiwa una uhakika nayo, kasoro zote, bei, na mji ambao bei hiyo inafikisha mzigo. "Bei njoo inboksi" hufukuza wanunuzi wazito na kukuachia wapiga soga.

Weka bidhaa kwenye katalogi ya WhatsApp Business na Instagram kwanza, tovuti itasubiri. Jina la biashara lisajili kupitia eCitizen, chukua leseni ya kaunti, na ankara zako zipite kwenye mfumo wa eTIMS, ule wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA). Mikahawa na hoteli hazitanunua kwako bila ankara hiyo.

Bei inaanzia mlangoni kwa mnunuzi

Hesabu kutoka Nairobi kurudi nyuma. Tuseme ni ile meza, kwa tarakimu za mfano: mbao 7,000, chuma na kuchomelea 6,000, seremala 4,500, mafuta, msasa na bolti 2,000, kupaki 1,200, hamali na boti hadi Mokowe 1,500, basi au lori hadi Nairobi 3,000, kufikisha nyumbani 2,000. Jumla 27,200. Tenga asilimia 10 kwa vitakavyovunjika, sasa 29,920. Ukitaka faida ya asilimia 30 juu yake, unauza 39,000 hivi.

Angalia hapo kwamba kupaki na kusafirisha ni shilingi 7,700, zaidi ya robo ya gharama kabla ya akiba. Ndiyo maana kiti cha 6,000 hakiendi Nairobi peke yake. Viuze vinne pamoja, au kiambatanishe na meza.

Kupaki na kuvusha

Mbao usiigusishe na plastiki moja kwa moja. Unyevu hufungiwa, na mzigo ukikaa siku mbili Mokowe kwenye joto, utafika na ukungu. Tanguliza kitambaa cha pamba au blanketi kuukuu, kisha katoni, kisha plastiki ya kuzungushia nje. Pembe zote nne zivalishe katoni iliyokunjwa mara tatu, kwa sababu pembe ndizo zinazogonga ngazi za gati. Kioo kisafiri kikiwa wima, kimebandikwa utepe wa msalaba, kati ya mbao mbili nyembamba. Bolti zitie kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na mbili za ziada na spana yake, uufunge chini ya meza. Mfuko uliotumwa peke yake hupotea.

Andika kwa wino usiofutika pande mbili: jina la mpokeaji, simu, mji, "upande huu juu", na "kipande 1 kati ya 3". Piga picha kila kipande kabla hakijaondoka, na tena kikiwa Mokowe mkononi mwa mpakiaji. Kusipokuwa na picha hizo, kila mtu atasema kilifika kwake kimeshavunjika.

Pakia maji yakiwa yamejaa au karibu na kujaa. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa, boti hukaa chini sana ya gati na mzigo hushushwa kwa kurushiana. Miezi ambayo kusi, upepo wa kutoka kusini, ni kali, Juni hadi Agosti, panga siku mbili za ziada, na mwezi wa Mei weka turubai hata mbingu ikiwa nyeupe. Mzigo wa kwanza kwa kampuni mpya ya usafiri uwe wa bei ndogo. Ukisafirisha mbao ghafi badala ya samani, unahitaji kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya. Hata kwa samani zilizokamilika, dereva awe na risiti ya ununuzi na ankara yako, atulize maswali ya vizuizini.

Malipo na malalamiko

Kitu kilicho tayari kilipwe chote kabla ya kuvuka maji. Cha kuagiza kilipwe nusu mwanzo na nusu baada ya mteja kuona video ya kilichokamilika. Tumia namba ya Till (ya kupokea malipo ya M-Pesa) yenye jina la biashara. Thibitisha pesa kwa taarifa ya akaunti yako mwenyewe, kamwe si kwa picha ya ujumbe aliyokutumia mnunuzi; ujumbe wa M-Pesa wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja.

Mpe mteja saa 48 baada ya kupokea aripoti uharibifu kwa picha. Kilichovunjika njiani, tuma kipande kipya au umlipe fundi wa huko akitengeneze, kwani kurudisha meza nzima Lamu kunakula faida ya meza mbili. Ufa mwembamba usiozidi milimita 2 unaotokea miezi ya kwanza mweleze tangu mwanzo, ndani ya maelezo ya bidhaa, kwamba ni mbao inazoea hewa mpya. Ukimwambia baada ya kulalamika, ataona unajitetea.

Akija mnunuzi wa nje ya nchi, makreti ya mbao lazima yawe yamepashwa joto nyuzi 56 kwa dakika 30 katikati ya mbao na kupigwa mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu katika mbao za kupakia, na cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Kazi hiyo mwachie wakala wa Mombasa, na bei umpe mnunuzi ikiishia bandarini.